Kipande, Stakabadhi na Kidakuzi

Chimala ni mji wa njiani. Kusini yake umesimama ukuta wa milima ya Kipengere, na barabara ya kona 57 inayopanda hadi Matamba kwa Wawanji. Kaskazini umelala uwanda wa Usangu na mashamba yake ya mpunga. Katikati inapita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma, ile iliyotiwa lami kati ya 1968 na 1973. Mji wa namna hii haufanani na kijiji cha ndani, ambako karani, mzee wa baraza na mwenye duka wanamjua kila mtu, baba yake na deni lake. Anayesimama leo mbele ya dirisha la ofisi amefika jana kutoka Makete, kesho atakuwa Makambako, na huenda karani asimwone tena. Ukiitazama historia ya Nyanda za Juu Kusini kutokea upande wa karani, utakuta swali moja linarudi kila kizazi: ofisi isiyomjua mtu itamkumbukaje atakaporejea? Jibu lililotumika kwa zaidi ya miaka mia moja ni kumbebesha mtu mwenyewe kumbukumbu ya ofisi. Alitembea na stakabadhi ya kodi, akatembea na kipande cha kazi, akatembea na kadi ya kliniki. Na tangu 1994, pale kompyuta na baadaye simu zilipofika, akatembea na kidakuzi.

Ninachodai ni kwamba kidakuzi ni cha ukoo huu, na kwamba historia ya ukoo huu inatupa kipimo kizuri kuliko kile wanachotumia wahandisi wengi. Wahandisi hubishana juu ya nani abebe kumbukumbu: kivinjari cha mtumiaji, au seva. Vipande vya zamani vinaonyesha kwamba ubishi huo unapita pembeni ya jambo lenyewe. Watu hawakuumizwa sana na kubeba karatasi. Waliumizwa na karatasi hiyo kusomwa na mtu isiyemhusu, na kuendelea kusomeka baada ya kazi yake kwisha.

Kwanza kidakuzi chenyewe. Seva ya tovuti ni karani anayesahau kila anapofunga dirisha. HTTP, itifaki ambayo vivinjari na seva huzungumza kwayo, ilibuniwa ili kila ombi lijitegemee: kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, wanaachana. Ombi la pili likifika sekunde moja baadaye, hakuna ndani ya itifaki kinachosema kwamba limetoka kwa mtu yuleyule. Kwa wanasayansi waliokuwa wakisomeana makala, hilo halikuwa tatizo; kwa duka lilikuwa balaa. Mwaka 1994 kampuni ya simu ya Marekani, MCI, ilitaka kuuza bidhaa kwenye intaneti kwa msaada wa Netscape, watengenezaji wa kivinjari, lakini haikutaka seva zake zijae kumbukumbu za manunuzi yaliyoishia njiani. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, akapendekeza kumbukumbu hiyo ikae kwa mnunuzi. Seva ingetuma mstari mfupi wa maandishi, yaani kidakuzi, pamoja na ukurasa; kivinjari kingeuhifadhi na kuurudisha, bila kuulizwa, kila kinapoomba kitu kwenye seva ileile. Toleo la majaribio la kivinjari cha Netscape lililotoka Oktoba 1994 lilikuja na uwezo huo. Katika programu za tovuti ambazo kurasa zake huandaliwa kwenye seva, mstari huo ndio unaoamua ukurasa uandaliwe kwa ajili ya nani, kwa hiyo lazima ufike kabla ya kitu kingine chochote. Kutolewa kwake pia kuna utaratibu: seva hutoa kidakuzi kwenye kichwa cha ujumbe, kabla ya herufi ya kwanza ya ukurasa wenyewe. Kila aliyejifunza PHP amewahi kukemewa na lugha hiyo kwa kujaribu kutoa kidakuzi baada ya ukurasa kuanza kutoka. Nafasi moja tupu iliyosahaulika juu kabisa ya faili inatosha kuharibu mchana mzima.

Stakabadhi ya kodi ilitatua shida hiyohiyo kwa karatasi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Jina la mlipaji liliandikwa nyumbani kwake, katika daftari la eneo la mtawala wake wa jadi. Lakini kodi hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza nyumbani. Mnyakyusa wa Rungwe alikwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Mbena wa Njombe alikwenda kwenye mkonge wa Tanga. Wengine walivuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Askari au tarishi aliyewakuta njiani hakuwa na daftari la Rungwe wala la Njombe, na wala hakulihitaji. Stakabadhi ilikuwa na mwaka, namba na muhuri, na vitatu hivyo vilitosha kumwambia kwamba mtu huyu ameshalipa. Aliyekosa kulipa aliweza kutakiwa kuifanyia kazi kodi yake, mara nyingi kwenye barabara na kazi nyingine za serikali. Wahandisi wa leo wangekiita kitu hiki kidakuzi chenye sahihi: maandishi yanayobebwa na mtu, yamegongwa muhuri wa kihesabu kwa ufunguo wa siri unaojulikana na seva peke yake, hata seva ikayaamini bila kufungua daftari lolote. Uzuri wake ni wepesi, na kasoro yake ni ileile ya stakabadhi: kilichokwisha kugongwa muhuri hakifutiki hadi muda wake uishe, na aliyekipoteza hana cha kujitetea hata kama alilipa kweli. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, kizazi kizima cha wanaume wa vijijini kilikuwa bado kinajua maana ya kuwakimbia mgambo kwenye vizuizi.

Kipande cha kazi kina hadithi ndefu zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mwaka 1907, katika Usambara Magharibi, utawala wa Wajerumani uligawa kadi za kazi: kila mwanamume alitakiwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ndiyo iliyoonyesha amefanya ngapi. Mashamba ya mkonge ya wakati wa Waingereza yakabaki na hesabu ya siku 30 kwa mtindo mwingine. Mfanyakazi alipewa kadi yenye visanduku. Akimaliza kazi ya siku aliyopimiwa, karani au nyapara anatia alama. Visanduku 30 vikijaa, analipwa. Siku aliyoumwa au kushindwa kumaliza sehemu yake haikutiwa alama, kwa hiyo kipande cha siku 30 kiliweza kuchukua wiki sita au zaidi. Kuanzia 1944 shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, lilichota watu wengi kutoka Nyanda za Juu Kusini na kuwapeleka Tanga na Morogoro kwa mikataba. Ndio manamba, watu ambao shamba liliwajua kwa namba zao kabla ya kuwajua kwa majina. Kijana wa Njombe aliyeshuka Tanga aliishi kati ya vitu viwili, namba yake katika daftari la mwajiri na kadi yake mfukoni, na mshahara wake ulitegemea viwili hivyo vikubaliane.

Tazama jinsi kipande hicho kilivyokuwa kifinyu. Kilihesabu siku na hakikuhesabu kingine. Kilitolewa na shamba moja, kikasomwa na shamba hilohilo, na visanduku vilipojaa kikarudishwa kwa malipo, habari yake ikaisha. Shamba la jirani halikuwa na haja nacho. Hali katika makazi na kazi za mkonge ilikuwa mbaya vya kutosha, na sina nia ya kuipaka rangi. Lakini ubaya huo haukutoka kwenye kadi. Ulitoka kwenye mshahara, kwenye kipimo cha kazi ya siku, na kwenye umbali wa nyumbani.

Kenya walifanya vingine. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, mwaka 1919. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande chenye jina, kabila, alama za vidole, majina ya waajiri wake, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara aliolipwa. Wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni. Mwajiri wa kwanza aliandika, mwajiri wa pili akasoma. Aliyelipwa shilingi chache Thika hakuweza kudai zaidi Nakuru, kwa sababu kifua chake kilikuwa kimebeba bei yake ya zamani. Aliyeondoka bila mwajiri kutia sahihi ya kumwachia hakuweza kuajiriwa kihalali popote, na aliyekutwa bila kipande alitozwa faini au kufungwa. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walikipinga tangu 1921. Thuku alikamatwa Machi 1922, na siku mbili baadaye askari wakaufyatulia risasi umati uliokuja kumdai mjini Nairobi. Kipande cha namna ile kilidumu hadi miaka ya 1940 ilipokuwa ikiishia. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, haikupata mfumo huo. Idara yake ya Kazi iliyoundwa mwaka 1926 chini ya kamishna Orde-Browne ilijishughulisha zaidi na mikataba, afya na kambi za mapumziko kwenye njia za wasafiri wa kazi.

Basi tuna vipande viwili, majirani, katika zama zilezile na chini ya bendera ileile. Vyote vilibebwa na mfanyakazi. Kimoja kiliwaudhi watu kama karaha nyingine za kazi. Kingine kilizaa harakati za kisiasa. Tofauti haiwezi kuwa katika kubeba, kwa sababu kubeba kulikuwa kwa wote. Iko katika hili: kadi ya mkonge ilisomwa na aliyeiandika tu, ilhali kipande cha Kenya kiliandikwa na mmoja kikasomwa na wote.

Njia hizo mbili zilijitokeza tena katika kidakuzi, na haikuchukua muda. Wazo la awali la kumwekea mnunuzi kila kitu mkononi liligonga ukuta mapema, kwa sababu kidakuzi kimoja hubeba takriban baiti 4,096 tu na mbebaji anaweza kukifungua akabadilisha bei. Desturi iliyoshinda ikawa kumpa mtumiaji namba tupu na kuacha mambo yake kwenye seva. PHP 4, mwaka 2000, iliufanya utaratibu huo kuwa sehemu ya lugha, na tangu hapo kidakuzi kinachoitwa PHPSESSID kimezagaa duniani kote. Pendulo likarudi. Toleo la pili la Ruby on Rails, zana ya kutengenezea programu za tovuti, mwishoni mwa 2007, lilirudisha kumbukumbu yote ndani ya kidakuzi, safari hii ikiwa na sahihi ya kuzuia kughushiwa; lakini maandishi yenyewe yaliweza kusomwa na yeyote aliyekifungua, hadi toleo la nne la mwaka 2013 lilipoanza kuyafunga kwa usimbaji. Ubishi ule wa wahandisi, seva au kivinjari, ndio huu, na umeendelea mpaka leo. Wakati huohuo jambo zito zaidi lilikuwa likipita mlango wa pili. Ukurasa mmoja unaweza kubeba tangazo kutoka seva nyingine, na seva hiyo nayo ikatoa kidakuzi chake. Tangazo hilohilo likiwa kwenye tovuti elfu moja, kampuni ya matangazo inamsoma mtu yuleyule kwenye milango yote elfu. Hati ya viwango ya Februari 1997, iliyoandikwa na David Kristol pamoja na Montulli mwenyewe, ilitaka vivinjari visiruhusu jambo hilo bila mtumiaji kuamua. Netscape na Microsoft hawakuifuata. Kivinjari cha Safari kilikuja kuvizuia kabisa vidakuzi hivyo mwaka 2020; Google walitangaza mwaka huohuo kwamba kivinjari chao, Chrome, kitaviondoa, kisha mwaka 2024 wakaacha mpango huo. Miaka 27 kati ya onyo na kusitasita! Kipande cha Kenya kilidumu karibu kiasi hicho.

Msomaji anaweza kusema kwamba nalinganisha visivyolingana. Kipande kilikuwa amri ya mkoloni, na nyuma yake kulikuwa na jela. Kidakuzi hufutwa kwa kubofya mara tatu na hakuna askari atakayekuuliza. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake nakubali: hakuna mtu aliyefungwa kwa kusafisha kivinjari chake. Lakini tuangalie hiari hiyo ilivyo. Mwanafunzi wa sekondari ya Chimala anayetaka mkopo wa elimu ya juu anaomba kupitia mfumo wa mtandaoni wa Bodi ya Mikopo, na anayetaka ajira serikalini anapitia Ajira Portal. Kukataa kidakuzi pale ni kukataa kuomba. Kadi ya mkonge nayo haikulazimishwa na askari. Mtu alikwenda Tanga kwa miguu yake, akisukumwa na kodi. Tena si sahihi kudhani kwamba karatasi inayosomwa na kila mtu ilikuwa tabia ya mkoloni peke yake. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, serikali yetu wenyewe ilitaka watu wa mijini wawe na vitambulisho vya kazi, na wasiokuwa navyo wakasombwa Dar es Salaam kupelekwa vijijini. Wachuuzi na mafundi wa vichochoroni, waliokuwa wakifanya kazi kuliko wengi wa maofisini, wakahesabiwa wazururaji kwa sababu kazi yao haikuwa na mtu wa kuiandikia kadi. Kosa halikuwa la uzalendo wala la ukoloni. Lilikuwa la kadi moja kugeuzwa jibu la maswali yote ya kila mwenye sare.

Pingamizi la pili hutoka kwa wahandisi wenyewe, nao wanalisema kwa uhakika: weka kila kitu kwenye seva, mpe mtu namba isiyo na maana, hatari imekwisha. Kwa fedha na nenosiri wako sahihi. Lakini daftari lililo upande mmoja tu nalo lina dhuluma zake. Mfanyakazi wa mkonge aliyekuwa na kadi mfukoni aliweza kuhesabu alama zake na kubishana na karani siku ya malipo. Angeachiwa daftari la mwajiri pekee, neno la mwajiri lingekuwa la mwisho. Hospitali zetu zinalijua hili kuliko idara yoyote. David Morley, daktari aliyebuni kadi ya ukuaji wa mtoto akiwa Nigeria, alisisitiza kwamba kadi ikae kwa mama, kwa kuwa mama ndiye anayefika kila kituo na mtoto wake, na kadi yetu ya kliniki ya mtoto inafuata wazo hilo. Mama wa Usangu anayehamia na familia yake kufuata mashamba ya mpunga anabeba historia ya chanjo ambayo hakuna kituo kingeweza kuitunza peke yake. Pale kadi isipokuwepo, mgonjwa hununua daftari la shule na daktari anaandika humo; mfumo wa kimaskini, unaosomwa na yeyote aliyelifungua begi, lakini umeokoa wengi wasirudie vipimo na dawa zilizoshindwa.

Mfano ulionyooka kuliko yote ni wa kliniki za matibabu ya VVU, ambazo mpango wake wa kitaifa ulianza mwaka 2004. Mgonjwa anapewa kadi ya CTC1 aende nayo. Kliniki inabaki na CTC2, yenye maelezo kamili ya kila hudhurio. Namba moja inaziunganisha. Wabunifu wake huenda hawakuwahi kufikiria seva, lakini wametengeneza kile ambacho programu nzuri ya tovuti hufanya: mbebaji ana cha kutosha kutambulika na kuendelea, daftari lina mengine yote. Hata hivyo katika ukanda huu wenye maambukizi mengi kuliko maeneo mengine ya nchi (utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya) mgonjwa anajua jambo ambalo mhandisi hulisahau. Kadi haihitaji kusomwa ndani ili iseme. Kuonekana kwake tu mezani kunatosha, na ndiyo maana wengine huificha, na wengine huchagua kliniki ya mji ambao hawajulikani. Kidakuzi nacho kiko hivyo. Namba iliyomo inaweza kuwa haina maana kabisa, lakini kuwepo kwake kwenye kompyuta kunaeleza kwamba mtu alipita kwenye tovuti ile.

Nimesema kompyuta, wala sikusema mtu, kwa kusudi. Netscape walidhani kila kivinjari kina mwenyewe: mashine moja, meza moja, mtu mmoja. Katika miji ya njiani dhana hiyo haishiki. Msimu wa maombi ya mikopo na vyuo, kompyuta mbili za steshenari zinahudumia vijana wa kata nzima, na mara nyingi mwenye steshenari ndiye anayepiga chapa kwa niaba yao. Kidakuzi hakimkumbuki kijana. Kinakikumbuka kivinjari cha dukani. Kipande cha Kenya, pamoja na uovu wake wote, kilikuwa na alama za vidole kumfunga mbebaji na karatasi yake. Kidakuzi hakina kitu kama hicho: aliyenacho ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe. Dunia ilikumbushwa hilo Oktoba 2010, Eric Butler alipotoa Firesheep, nyongeza ya kivinjari iliyomwezesha mtu yeyote aliyeketi kwenye mtandao wa wazi usio na waya kuokota vidakuzi vya waliomzunguka na kuingia kwenye akaunti zao bila nenosiri.

Kwa hiyo kazi ya kusimamia vidakuzi, ikiangaliwa kutoka Chimala badala ya California, ina mambo yanayotangulia mengine. Kitufe cha kutoka ndicho kinachopuuzwa zaidi. Programu nyingi hukifanya kifute kidakuzi kwenye kivinjari na kuacha kumbukumbu ya namba ile ikiwa hai kwenye seva. Ni sawasawa na shamba kumnyang'anya mtu kadi na kusahau kufunga ukurasa wake daftarini. Aliyekwisha kuinakili namba hiyo ataendelea kuingia. Inafuata namba yenyewe: lazima ibadilishwe pale mtu anapoingia kwa nenosiri, la sivyo aliyemtangulia kwenye mashine anaweza kumwachia namba anayoijua na kumsubiri. Alama ya Secure huzuia kidakuzi kupita kwenye njia isiyosimbwa. HttpOnly, iliyoletwa na Microsoft mwaka 2002, hukificha kisisomwe na programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa. SameSite hupunguza hatari ya tovuti ngeni kukitumia bila mwenyewe kujua, na tangu 2020 Chrome huiweka hata mtengenezaji akisahau. Kuna pia jambo la kurasa zenyewe, ambalo si la kidakuzi lakini haliwezi kutenganishwa nacho: ukurasa ulioandaliwa kwenye seva hubaki katika hifadhi ya kivinjari, na kijana wa pili akibofya kitufe cha kurudi nyuma anaweza kuiona fomu ya wa kwanza, na jina la mama yake na hali ya familia yao. Seva inapaswa kukiagiza kivinjari kisiuhifadhi ukurasa wa namna hiyo. Ni mstari mmoja wa maandishi, na mara nyingi haupo.

Wapo watakaoona mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa taifa lina namba ya NIDA na alama za vidole. Kwa nini mtu abebe chochote? Usajili wa laini za simu ulionyesha nguvu ya mfumo huo, hata zile zisizosajiliwa kwa vidole zikaanza kuzimwa Januari 2020. Lakini namba hiyo yenye tarakimu 20 huanza na tarehe ya kuzaliwa, na ni ileile benki, hospitali, kwenye simu na kwenye kodi. Kama kitambulisho cha raia inafaa. Kama namba ya kumkumbukia mtu katika kila programu, ingekuwa kipande cha Kenya kilichopata umeme, kwa sababu kila mwenye dirisha angeweza kuunganisha alichoandika na alichoandika jirani. Namba ya kidakuzi inafaa kwa sababu ni ya nasibu, ni ya tovuti moja, na inakufa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inauliza taarifa zimekusanywa kwa kusudi gani na zitatunzwa hadi lini. Wengi wameipokea kwa kuiga matangazo ya Ulaya yanayofunika nusu ya ukurasa yakimwomba mtu akubali asichokielewa. Kwa kidakuzi cha kuingilia kwenye mfumo, tangazo hilo halina kazi, kwa sababu bila kidakuzi hicho hakuna huduma. Swali la muda ndilo lenye meno. Tangu 2022 Chrome hairuhusu kidakuzi kuishi zaidi ya siku 400, na watengenezaji wengi wakakichukua kikomo hicho kama ruhusa. Kadi ya mkonge ilikuwa na kazi 30 na ikarudishwa. Fomu ya mkopo hujazwa alasiri moja, kwenye mashine ya dukani, na foleni nyuma ya kiti. Namba ya kidakuzi chake ikiishi dakika 20 baada ya mguso wa mwisho, inatosha.